Re: Kiwashio gani cha glo plagi, injini inakataa kuwaka

Mkuu habari, umesema unazungusha propela ya ndege yako ya modeli mpaka kidole kinauma, injini inakohoa tu, na kiwashio chako (kile cha kupasha moto glo plagi, plagi yenye koili ya waya ndani) ni cha betri ya kawaida ya AA. Kabla hujanunua kingine fungua plagi, ishike kwa koleo uiunganishe na kiwashio nje ya injini, koili ikitoa rangi ya chungwa kali fasta basi kiwashio ni kizima, ikiwa nyekundu ya kufifia betri ndo imechoka. Plagi inataka volti 1.2 mpaka 1.5 hivi lakini inakula ampea kama 3, sasa AA ya kutupa inashuka volti mara tu unapoiunganisha.

Mi natumia kiwashio cha betri ya NiMH (ya kuchaji) saizi ya sub-C, nene kuliko AA, seli moja, na ningekushauri uchukue chenye mita kwa juu maana injini ikimeza mafuta mengi au plagi ikikatika unaona kwenye mshale wa mita hapohapo, hubahatishi. Vile viwashio vya kuunganisha kwenye paneli ya umeme ya volti 12 sijatumia, waliozoea waseme.

Halafu usije ukaweka seli ya lithiamu ya 3.7 moja kwa moja eti kwa sababu inaingia, mimi niliunguza plagi mbili mpya asubuhi moja, kidogo nilie 😂

Injini ikishawaka chomoa kiwashio ukiwa nyuma ya propela, usipitishe mkono mbele. Ikizima ukichomoa tu, badilisha plagi kwanza ndo uguse sindano ya mafuta (skrubu ya kupunguza au kuongeza mafuta).