Pumu ya Ngozi, Mafuta ya Nazi na Nywele Zetu: Ushauri Kutoka Mtwara

Huku kwetu Mtwara mtu mwenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu, hakosi waganga, kwa kuwa kila jirani ana dawa yake. Mmoja atakuletea majani ya mwarobaini, mwingine atakushauri ujisugue kwa ndimu na chumvi, wa tatu atasema uoge maji ya bahari alfajiri, na wote hao wanakutakia heri. Nimeishi na maradhi haya tangu utotoni, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kichwani penye mpaka wa nywele, na msimamo wangu leo ni huu: ngozi yenye ukurutu hunufaika zaidi na vile unavyoviondoa kuliko vile unavyoviongeza, na kitu hakiwi kipole kwa ngozi eti kwa sababu kimetoka shambani.

Sababu iko katika ngozi yenyewe. Ngozi yenye afya ina tabaka la juu linalozuia maji ya mwilini yasipotee na vitu vya nje visipenye. Kwa wenye ukurutu tabaka hilo ni dhaifu, na mwaka 2006 watafiti walionesha kwamba baadhi yetu tumerithi hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, ambayo ni mojawapo ya nguzo zake. Ni kama paa la makuti lililochakaa: ukiliacha linavuja, na ukilipiga kwa fimbo ili kulisafisha, linavuja zaidi. Maradhi haya hutembea katika ukoo pamoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio, wala hayaambukizi (nalisema hili kwa ajili ya wale wanaoficha chanuo wanaponiona). Jambo jingine ni kwamba maelezo mengi husema ngozi huwa nyekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi ukurutu huonekana zaidi kama kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, mara nyingi ukiwa na vipele vidogo kwenye vinyweleo, na unapopona huacha mabaka meusi au meupe yanayoweza kukaa miezi kadhaa. Mabaka hayo si ugonjwa unaoendelea, na hayahitaji kusuguliwa.

Nianze na kuoga, kwa sababu hapo ndipo madhara mengi huanzia bila mtu kujua. Sabuni ya mche, ambayo nyumba nyingi hufulia na kuogea papo hapo, ni ya jamii ya magadi, wakati ngozi yetu kwa asili ina uchachu kidogo. Kila povu lile linapopita, tabaka la juu hupoteza mafuta yake, na ikiwa maji ni ya kisima chenye chumvichumvi, sabuni hutoa utando unaong'ang'ania mwilini. Mimi huogea maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, sabuni isiyo na manukato naitumia kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, na dodoki nimeliachia vyombo. Kisha najifuta kwa kubonyeza taulo, bila kusugua, na kabla ngozi haijakauka, ndani ya dakika chache, najipaka mafuta. Mafuta hayaleti maji, bali huyafungia yaliyopo, na ndiyo maana mtu anayejipaka ngozi ikiwa imekauka kabisa hulalamika kwamba anang'aa lakini bado anajikuna.

Sasa tuje kwenye mafuta. Shangazi yangu aliyeko Mikindani bado anakamua mafuta ya nazi kwa njia ya zamani, na ninayotumia ni yake. Hukuna nazi zilizokomaa, hukamua tui zito, hulichuja na kuliacha usiku kucha hadi sehemu nzito inapopanda juu. Asubuhi huiengua sehemu hiyo na kuipika kwa moto mdogo bila haraka, huku akiikoroga, mpaka mafuta yanapojitenga na mashapo yanapoanza kuwa ya rangi ya dhahabu. Hapo huepua mara moja, kwani mashapo yakiungua mafuta nayo hunuka moshi na huwasha. Yakipoa huchujwa kwa kitambaa safi na kutiwa kwenye chupa iliyokauka kabisa, kwa sababu tone la maji huyafanya yaharibike. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma na asubuhi kuwa na ubaridi, mafuta haya huganda yakawa meupe chupani, na hapo kijiko kikavu huingia badala ya kumimina.

Sifa zake si za mdomoni tu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo hudhoofisha bakteria wanaopenda kuvamia ngozi yenye ukurutu, na utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2008 uliyaona yakifanya kazi hiyo vizuri kuliko mafuta ya zeituni kwa watu wazima wenye maradhi haya. Najua zeituni ina heshima yake pwani, na chakulani naipenda sana. Lakini asidi ya oleiki iliyojaa ndani yake hulegeza tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo kwenye ukurutu siipaki. Mafuta ya alizeti yasiyo na manukato ni mbadala mzuri kwa asiye na nazi. Tena sina ugomvi na mafuta ya mgando. Hayatoki mtini, lakini hayana harufu, hayachomi, yanapatikana kila duka, na penye nyufa vidoleni hakuna mafuta ya asili niliyojaribu yanayoyashinda. Tahadhari ni kwa yale ya dukani yenye picha ya nazi kwenye kopo na manukato ndani, kwani manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha mzio wa ngozi mara kwa mara.

Usiku ambao muwasho unazidi, kanga kuukuu ya pamba hufanya kazi kubwa. Ukishajipaka mafuta kwa wingi, lowesha kipande cha kanga kwa maji ya uvuguvugu, kikamue, kizungushe kwenye kiwiko au goti, kisha juu yake funga kipande kikavu. Muwasho hutulia na mtoto hawezi kufikia ngozi kwa kucha. Usifanye hivyo penye usaha au kidonda kibichi, na kanga mpya ifuliwe kwanza hadi wanga wake utoke.

Kuhusu zile dawa za majirani nitasema kwa ufupi. Ndimu iwe ya chakula; maji yake yakikaa kwenye ngozi ukatoka juani, huunguza na kuacha mabaka meusi. Kitunguu saumu kibichi huchoma ngozi hadi malengelenge. Mwarobaini ni mti wenye nguvu, na watoto wachanga wamewahi kudhurika vibaya kwa kunyweshwa mafuta yake, hivyo sitampa mtu yeyote moyo wa kuuchezea. Shubiri inafaa kwa baadhi ya watu, ila ukikata jani lisimamishe kwanza utomvu wa njano utoke wote, kwa kuwa huo ndio unaowasha, kisha utumie ute ulio wazi peke yake. Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni shayiri ile ya kupikia uji, yaani oti: isage iwe laini kabisa, itie kijiko kwenye glasi ya maji, na maji yakigeuka kama maziwa ujue imesagika vya kutosha kuchanganywa kwenye maji ya kuoga. Lolote utakalochagua, lipake kwanza mahali padogo upande wa ndani wa mkono, kila siku kwa muda wa wiki moja, kabla ya kulipeleka kwingine.

Kuna jambo la mikoa yetu ambalo vitabu vya mbali havitakuambia. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi ya mtu yeyote, na kwa mwenye ukurutu mikononi kubangua bila kinga ni kutafuta vidonda. Akina mama wengi wa Newala na Tandahimba hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kubangua; ni bora kuliko mikono mitupu, ila glavu nzito juu ya glavu nyepesi za pamba zinafaa zaidi. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wa embe karibu na kikonyo unaweza kuwasha midomo ya yule yule anayedhurika na korosho. Mmenyee mtoto embe badala ya kumwacha aling'ate na ganda. Halafu kuna salfa inayopulizwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, katika miezi ya kiangazi. Vumbi lake huingia shingoni, kwenye mikunjo na ndani ya nywele. Anayelazimika kuwa shambani wakati huo avae mikono mirefu, afunge kichwa, na akirudi aoge na kubadili nguo kabla ya kukaa kitandani.

Kichwani mambo hubadilika, na hapa naomba msomaji aniamini, kwa kuwa desturi inatufundisha kinyume. Si kila kichwa kinachowasha kinahitaji mafuta. Magamba yenye unta, ya njano au kijivu, kandokando ya paji, nyuma ya masikio na utosini, mara nyingi ni mba mkali unaoambatana na fangasi waitwao Malassezia, ambao huishi kwa kula mafuta ya kichwani. Ukimimina mafuta ya nazi hapo na kufunika kwa rasta, unawaandalia karamu. Magamba makavu na membamba kwa mtu mwenye ukurutu mwilini ni suala jingine, na hayo hupoa kwa mafuta kidogo. Kwa mba mkali, shampuu yenye ketokonazoli inayouzwa maduka ya dawa ndiyo ninayoipendekeza, iachwe kichwani dakika tatu hadi tano kisha isuuzwe, na mafuta yapakwe kwenye nywele kuanzia katikati hadi ncha, siyo kwenye ngozi.

Namna ya kuosha nayo ina maana. Kabla ya maji kugusa kichwa, napaka mafuta ya mgando kwenye paji, juu ya masikio na kisogoni, kisha nainamisha kichwa kwenye beseni ili povu lisiteremke shingoni na mgongoni. Wengi wenye ukurutu sugu wa shingo na kope hawajui kwamba unatokana na shampuu au mafuta ya nywele yanayotiririka. Shampuu naichanganya na maji kwenye kikombe kwanza, natumia ncha za vidole badala ya kucha, nasuuza hadi maji yawe safi, na nywele nazichambua kwa vidole na chanuo la meno mapana zikiwa bado na unyevu. Ninayefunga ushungi kila siku najua pia adha ya kuufunga juu ya nywele mbichi: joto letu hugeuza kichwa kuwa jikoni kwa fangasi. Zikauke kwanza, na kofia ya ndani iwe ya pamba, ifuliwe mara kwa mara.

Kwa msusi unahitaji ulimi.

"Dada, naomba hapa pembeni usikaze."

"Zisipokazwa si zitafumuka mapema?"

"Zifumuke tu, nitarudi."

Anayevuta nywele hadi vipele vinatokea kwenye paji anaumiza mashina, na kwa ngozi yenye ukurutu kila kipele ni mlango wa bakteria. Twende kilioni iliyolegea, kwa nywele zako mwenyewe, ndiyo salama yangu. Ukipenda rasta, ziloweke kwanza kwenye maji yenye siki kidogo, uone utando mweupe unaoelea juu ya beseni, uzisuuze na kuzianika. Muwasho wa siku za kwanza wakati mwingine unatokana na utando huo. Dawa ya kunyoosha nywele ni kali, ya jamii ya magadi, na hunyoosha kwa kuvunja nywele kutoka ndani, hivyo kichwa chenye michubuko kisiiguse kabisa.

Kitu kimoja nakikataa bila mjadala, nacho ni piko. Baada ya mauzo ya korosho harusi hufuatana, na bibi harusi na mashoga zake hupambwa mikono na miguu kwa maua meusi. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia na huchukua saa kadhaa kushika. Inayokolea nyeusi tititi ndani ya muda mfupi ina kemikali ya rangi ya nywele, ambayo huweza kuleta malengelenge siku chache baadaye, yakifuata mchoro wa maua yenyewe. Mwili ukishaichukia kemikali hiyo mara moja, huichukia daima, na rangi ya nywele ya miaka ijayo itakuumbua usoni. Waombe wapambaji hina peke yake.

Mwisho ni krimu. Steroidi aliyoiandika daktari, ikipakwa mahali palipowaka kwa siku alizosema, si adui, na wanaoiogopa kabisa huteseka bure. Adui ni mkorogo na vikopo visivyo na maelezo vinavyouzwa gengeni. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki na hidrokinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini bado vinapita, na kwa siku chache hutuliza muwasho kiasi cha kukudanganya, huku vikipunguza unene wa ngozi na kuficha mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, yanayosambaa chini yake. Ukienda hospitali, iwe Ligula hapa Mtwara, Sokoine kule Lindi au Ndanda, beba kila kopo unalopaka, hata lile unaloona aibu kulitaja, pamoja na picha za ngozi ilipokuwa mbaya zaidi. Na ukiona gamba la njano lenye majimaji, usaha, homa, au kundi la vidonda vidogo vya mviringo vyenye maumivu vinavyoenea haraka, hasa kwa mtoto, usisubiri mafuta yafanye kazi: mpeleke siku hiyo hiyo.