Mafungu kwanza, pengo baadaye: ninavyopanga vijana wa drafti ya NFL

Karatasi ya Aprili 2020 niliyowapangia vijana wa drafti, yaani uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya mpira wa Marekani, bado ninayo. Juu kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu BEKI WA PEMBENI na kupiga mistari miwili chini yake, kisha yanafuata majina ya mabeki watano mfululizo. Justin Jefferson, mpokeaji (mdakaji wa pasi) wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, yuko wa tisa. Usiku ule Vikings, timu yetu ya Minnesota, walipomtaja katika nafasi ya 22, niliitupa rimoti kwenye kochi hapa kwangu Brooklyn Park, Minnesota, nikaenda kulala nimenuna. Msimu huohuo kijana akadaka mipira 88 kwa yadi 1,400. Mwaka 2022 akafikisha yadi 1,809 na kuongoza ligi nzima.

Kuhusu pengo sikukosea. Mabeki wetu watatu wa pembeni walikuwa wameondoka karibu kwa mpigo. Mpokeaji naye alihitajika, maana nafasi hiyo ya 22 tuliipata kwa kumpeleka Stefon Diggs kule Buffalo, ila mimi nilijiambia wapokeaji mwaka huo ni wengi, tutaokota mmoja raundi ya pili. Kosa langu ni kwamba niliacha pengo ndilo lipange orodha.

Kwa mgeni wa mpira huu wa yai: kila Aprili timu 32 za NFL huchagua vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba, kuanzia Alhamisi usiku hadi Jumamosi. Aliyeshika mkia huanza, bingwa wa Super Bowl hufunga raundi. Hakuna kunyang'anyana mchezaji kwa fedha kama Simba na Yanga. Ukichaguliwa na timu, ni hiyo utakayozungumza nayo mkataba. Wanaochaguliwa ni zaidi ya 250, na sisi mashabiki wenye usingizi mchache hujitengenezea orodha zetu wiki kadhaa kabla. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, na mingi kati ya hiyo nilifanya vibaya.

Mtazame muuza nyanya sokoni Kariakoo. Hapangi nyanya moja moja kuanzia nzuri kuliko zote hadi iliyopondeka. Anazigawa mafungu, kila fungu na bei yake. Ndani ya fungu la elfu unaweza kuchagua upendavyo, lakini hakuna mwenye akili atakayelipa elfu kwa fungu la mia tano eti kwa sababu nyumbani nyanya zimekwisha.

Ndivyo ninavyofanya sasa. Ninaanza na majina kama 60, na hatua ya kwanza ninajilazimisha kusahau kwamba nina timu. Fungu la juu ni la wale ninaoamini wangeanza kwenye timu yoyote kwa miaka mingi; mara nyingi hawazidi 15, na kuna mwaka niliwapata 9 tu. Fungu la pili ni la wenye uwezo huo lakini wana doa moja linaloonekana. La tatu ni la wenye jambo moja wanalolifanya vizuri sana na mengine ya kujifunza. Baada ya hapo sijisumbui sana, maana huko chini hata wenye kazi yao wanabahatisha: Tom Brady alichukuliwa nafasi ya 199 mwaka 2000, na Brock Purdy alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, mwaka 2022.

Hapo ndipo ninapoiruhusu timu iingie mlangoni. Ndani ya fungu, anayeziba pengo letu anapanda juu. Kuvuka kutoka fungu moja kwenda lingine, hapana, hata tukiwa hatuna mtu kabisa katika namba hiyo. Kanuni nyingine zote nimewahi kuzivunja, hii siivunji.

Historia ya Vikings peke yake inatosha kufundishia. Mwaka 2005 walimuuza Randy Moss Oakland wakapata, pamoja na mengine, nafasi ya 7. Pengo lilikuwa wazi: mpokeaji mwenye mbio. Wakamchukua Troy Williamson. Mbio alikuwa nazo kweli, mikono ndiyo ilikuwa tatizo, na baada ya misimu mitatu akaondoka. Nafasi nne baadaye Dallas walimchukua DeMarcus Ware, ambaye leo yumo katika Ukumbi wa Heshima. Ila kinachoniuma zaidi ni Aaron Rodgers, kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) aliyekuja kuwa nyota. Tulikuwa pia na nafasi ya 18, tukampita mara ya pili, kwa sababu kwotabeki tulikuwa naye: Daunte Culpepper alikuwa ametoka kurusha yadi 4,717. Green Bay, majirani zetu tusiopikika nao chungu kimoja, wakamchukua katika nafasi ya 24 ilhali Brett Favre bado yuko kazini. Miezi sita tu baadaye goti la Culpepper likaharibika. Mwaka uliofuata hakuwa tena Minnesota.

Kwa hiyo unapoandika mapengo ya timu yako, usiandike ya mwezi huu. Mkataba wa kijana wa drafti ni wa miaka minne, na wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuuongeza mwaka wa tano. Unamchagulia timu ya mwaka wa pili na wa tatu. Ninafungua orodha ya mikataba, ambayo iko wazi mtandaoni, na mbele ya kila anayeanza ninaandika mambo mawili: umri wake na mwaka ambao mkataba wake unaisha. Ukimaliza utashangaa. Namba uliyodhani imejaa ina wazee wawili wanaoondoka pamoja, na pengo ulilokuwa ukililia lina kijana wa miaka 23 ambaye hajapewa muda tu.

Mwaka 2007 Vikings waliliona hilo, au walibahatika, sijali. Chester Taylor alikuwa ametoka kukimbia yadi 1,216, na bado nafasi ya 7 ikaenda kwa mkimbiaji mwingine, Adrian Peterson. Novemba hiyohiyo akakimbia yadi 296 dhidi ya San Diego, rekodi ya mechi moja. Miaka mitano baadaye akapata yadi 2,097 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Kwotabeki ni ugonjwa wa peke yake. Timu isiyo na kwotabeki huona kwotabeki kila mahali, kama mwenye kiu jangwani. Mwaka 2011 wanne walichukuliwa ndani ya nafasi 12 za kwanza, Cam Newton akiwa wa kwanza na Christian Ponder wetu wa mwisho kati yao. Andy Dalton na Colin Kaepernick walisubiri hadi nafasi ya 35 na 36, na wote wawili wakamzidi Ponder. Shauri langu: makwotabeki wapange kwenye karatasi yao tofauti, wiki moja kabla ya kuwapanga wengine, na usiiguse tena.

Kuna kitu kingine ambacho watu hukichanganya na pengo: mfumo. Hiki ndicho kinachoifanya orodha ya timu moja itofautiane kihalali na ya timu nyingine. Kocha anayetaka safu ya mbele ikimbie kwenda upande pamoja, kama Vikings wa 2019, atampenda senta mwepesi, yule wa katikati ya safu anayeanzisha mpira. Wakamchukua Garrett Bradbury katika nafasi ya 18. Kukimbia alijua. Alipokutana na yale majitu ya pauni 330 yanayosimama katikati, akawa anasukumwa kurudi nyuma kama kiti cha ofisi. Kwa hiyo mfumo ninaupa uzito, lakini ninajiuliza kwanza kocha huyu atakuwepo kwa muda gani. Kocha wa mashambulizi hubadilika haraka kuliko mkataba wa kijana.

Kuhusu kutazama, sina siri kubwa. Mechi tatu za kila kijana, moja ikiwa dhidi ya mpinzani mgumu kuliko wote aliokutana nao, na mpira wenyewe usiutazame, mtazame yeye. Vipimo vya mbio na nguvu ambavyo vijana hufanyiwa Indianapolis kabla ya drafti ninavisoma baada ya hapo, kamwe si kabla. John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, Cincinnati wakampa nafasi ya 9, na hakuna aliyemkumbuka kwa lingine. Jefferson alipata 4.43, nami nilikuwa nimeshamwandikia "si wa mbio, na anachezea ndani tu". Ni kweli LSU walimchezesha sana ndani, yaani karibu na safu ya mbele badala ya pembeni, mwaka 2019. Alidaka mipira 111 msimu huo! Nilikuwa nikimhukumu kwa mahali kocha alipomweka.

Halafu kuna mapenzi. Kijana wa Chuo Kikuu cha Minnesota huwa ninamshusha ngazi mbili papo hapo, kwa sababu najua nimeshampandisha tatu bila kujijua. Rafiki yangu Mkongomani hajawahi kuniacha nisahau kwamba mkimbiaji Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa 8 mwaka 1996 na Carolina. Ninamjibu kwamba nafasi ya 26 mwaka huohuo alikuwepo Ray Lewis, aliyekuja kumzidi mbali. Ananiambia majeraha ya magoti ni ya Mungu. Hapo hatusongi mbele, tunaagiza chai.

Orodha ikishakamilika Jumatano, iandike tarehe na uache kuigusa. Raundi ya kwanza kila timu ina dakika chache tu, na dakika hizo ndizo zinazoharibu watu. Mwaka 2003 Vikings walikuwa wa 7, wakawa wanahangaika kubadilishana nafasi na Baltimore hadi muda ukawaishia mkononi. Jacksonville wakaruka mbele wakamchukua kwotabeki Byron Leftwich, Carolina nao wakaruka wakamchukua Jordan Gross. Nchi nzima inacheka. Vikings wakarudi katika nafasi ya 9 wakamtaja yuleyule waliyekuwa wakimtaka tangu mwanzo, Kevin Williams, akacheza katikati ya ulinzi wetu misimu 11.