Kabla ya kwenda kortini kutetea kinamasi chenu

Mtu akinipigia simu kwamba kinamasi cha kwao kinafukiwa au msitu unakatwa, swali lake la kwanza huwa ni wapi atampata wakili. Mimi humuuliza: mmeandika nini mpaka sasa? Hapo simu inanyamaza kidogo, kisha nasikia, "Lakini mama, huku kila mtu anajua." Sawa, kila mtu anajua. Jaji haishi huko kwenu.

Mimi si mwanasheria. Nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Sheria ya mazingira nimejifunza kwa lazima, baada ya mwenye kiwanja mmoja kuanza kumwaga kifusi usiku kwenye mafunjo ya mtaani kwetu ili apate mahali pa kujenga ghala. Maji yalikosa pa kwenda, yakaingia majumbani. Yanayofuata ndiyo ninayowaambia wanaonipigia.

Sheria tunayo, tena nzuri. Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote, au shirika, kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine, kwa hiyo si lazima kifusi kimwagwe mlangoni kwako ndipo uwe na sauti. Ibara ya 237 inasema maziwa, mito, vinamasi na misitu ya hifadhi iko mikononi mwa serikali kama amana ya wananchi. Tena Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, kifungu cha 4, inaipa asili yenyewe haki ya kuwepo na kujirudishia uhai, na mtu yeyote anaweza kushtaki kwa niaba yake.

Kifungu hicho cha 4 watu wanakipenda mno. Wanakisoma kwenye mikutano, vijana wanapiga makofi. Nami nakipenda, ila ningekuwa nyinyi nisingekitanguliza. Tangulizeni kile kinachopimika kwa futi kamba. Kanuni za 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka eneo la ulinzi: mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na maziwa mengine makubwa, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kama Nile, mita 30 kwa mito mingine. Shuhuda akisema "ghala limeharibu mazingira", wakili wa upande wa pili atamzungusha mpaka alie. Akisema "msingi wa ghala uko mita 11 kutoka mtoni, tulipima mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) naye akatia sahihi", hapo mzungushaji ndiye atakayepata taabu.

Wala msitishwe na mtu anayepunga hati ya ardhi. Kuna mwenye nyumba Kampala aliyebomolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa sababu alijenga kwenye kinamasi. Alidai haki yake ya mali imevunjwa, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, na 2015 akashindwa. Kumiliki ardhi hakukupi ruhusa ya kuitumia utakavyo.

Sasa daftari. Nunueni la shilingi elfu moja na mumpe mtu mmoja, asiyelewa na asiye na haraka. Kwetu alikuwa nalo mama anayesuka mikeka ya mafunjo, maana nyumba yake inatazama njia ya malori. Aliandika tarehe, saa, namba ya gari, rangi ya tipa, na kilichomwagwa. Picha zilipigwa kwa simu kutoka sehemu ileile kila mara, mwembe uleule ukionekana pembeni, ili mtu akiziweka pamoja aone maji yanavyorudi nyuma. Simu yenye picha za kwanza msiiuze wala msiifute. Wakili wetu alitaka kuiona yenyewe, hakuridhika na zile zilizozunguka WhatsApp.

Halafu barua. Andikeni kwa LC1, kwa afisa mazingira wa wilaya, na NEMA. Ulizeni jambo moja wazi: je, mradi huu una cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira na kibali cha kutumia ardhi oevu? Pelekeni nakala mbili, moja yao, moja yenu ya kugongwa muhuri. Katika ofisi moja katibu aliniambia, "Acha tu hapo mama, mkubwa ataiona." Nikamjibu, "Asante dada, nisaidie muhuri kwanza." Akasema wino umekwisha. Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa na karanga zangu, sina neno. Kabla ya chakula cha mchana wino ulikuwa umepatikana, nikatoka na tarehe ya siku ile kwenye nakala yangu. Nakala ile ilitufaa kortini kuliko maandamano yote tuliyowahi kufikiria.

Wakikaa kimya, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na ikikataa mnaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Lakini ombi liandikwe kwa jina la raia, mtu mwenye kitambulisho. Mwaka 2002 shirika la Greenwatch lilikwenda Mahakama Kuu kudai mkataba wa umeme wa bwawa la Bujagali. Mahakama ilikubali kwamba mkataba ule ni waraka wa umma, halafu shirika likanyimwa kwa kuwa halikuthibitisha kwamba lenyewe ni raia. Nikiikumbuka kesi hiyo huwa nacheka na kukasirika kwa pamoja.

Muda ndio unaoua kesi nyingi. Mkitaka mahakama ipitie uamuzi wa ofisi ya serikali, mnayo miezi mitatu tu. Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha inatoa miezi miwili. Mashirika yaliyopinga bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga yalifungua kesi huko Novemba 2020, na Novemba 2023 ikatupwa kwa sababu yalichelewa. Suala lenyewe la mazingira halikuguswa. Kwa hiyo siku mnayosikia kibali kimetolewa, andikeni kwenye daftari tarehe kilipotolewa na mhesabu kutoka hapo. Vikao vya kutafuta maelewano endeleeni navyo, lakini jueni saa haisimami mnapokunywa chai na mwenye mradi.

Kuhusu gharama, ongeeni na wakili mapema, hata kama anawasaidia bure. Mkishindwa mnaweza kuagizwa kulipa za upande wa pili, ingawa jaji anaweza kuamua kila mtu abebe zake. Ndiyo maana jina la mtu mmoja lisisimame peke yake, na asiwe mwenye deni kwa mshtakiwa. Kwetu mlalamikaji mmoja alijiondoa baada ya kijana wake kupata kazi ya ulinzi pale pale kwenye kiwanja. Sikumlaumu. Ada ya shule haingoji hukumu.

Ombeni zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha kazi mpaka kesi isikilizwe, siku ileile mnapofungua kesi, kwa sababu hukumu inatembea na tipa linakimbia. Mkilipata, msiliweke kabatini. Sisi tulitoa fotokopi tukazigawa kwa polisi, LC1, mafundi, hata wauza chapati wa barabarani. Jioni moja tipa lilikuja limejaa. Dereva akapewa karatasi, akaisoma kwa tochi ya simu, akampigia bosi wake, akageuza gari na kifusi chake. Kesho yake bosi alikuja mwenyewe na wakili wake. Nasi tukampigia wa kwetu.