Jibu: Macho ya njano baada ya uvimbe wa ini kuchomwa

Pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama ni kawaida macho ya mzee kuwa ya njano wiki kadhaa baada ya uvimbe wa ini kuchomwa kwa joto. Hapana ndugu yangu, mrudisheni hospitali leo.

Mirija ya nyongo hupita ndani ya ini sambamba na mishipa ya damu. Mshipa mkubwa hunusurika kwa kuwa damu inayokwenda kasi huondoa joto. Nyongo hutiririka taratibu, hivyo mrija ulio karibu na uvimbe unaweza kuungua. Ukipona kwa kovu hubana, pengine miezi baadaye, na ndipo nyongo hurudi kwenye damu, macho huwa ya njano, mkojo hukolea, choo hupauka na mwili huwasha.

Ataanza na kipimo cha damu cha bilirubini (rangi ya njano iliyo kwenye nyongo) na altrasaundi. Kubana kidogo mara nyingi hufuatiliwa tu; mrija ulioziba huwekewa kijibomba kwa endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni), au nyongo hutolewa kupitia ngozi.

Akipata homa na kutetemeka, msisubiri kukuche: huenda ni maambukizi au jipu. Na kama aliwahi kuunganishiwa mrija wa nyongo na utumbo, mwambieni daktari mapema, maana bakteria wa tumboni hupanda kwenye ini kirahisi zaidi.