Usilibandue jalada hilo

Ndugu yangu, umeuliza kama kitabu chako cha Kilatini, kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1640, kitiwe jalada jipya kwa kuwa ngozi yake nyeupe imejikunja na kuingia madoa. Nakuomba usifanye hivyo. Enzi zile vitabu vingi viliuzwa vikiwa karatasi zilizochapwa tu, bila jalada, na mnunuzi ndiye aliyevipeleka kwa mjalidi, fundi wa kutia majalada. Kwa hiyo jalada hukueleza kitabu kiliishi wapi: ngozi ya nguruwe iliyogongwa mihuri bila dhahabu, juu ya mbao zenye vifungo vya shaba, mara nyingi ni kazi ya Ujerumani. Ngozi nyeupe kama hiyo yako ilipendwa sana Uholanzi.

Chungulia na ndani ya mgongo. Wajalidi walikuwa wakikatakata miswada ya zamani zaidi, iliyoandikwa kwa mkono, na kuitumia kuimarisha mishono. Nimewahi kukaa jioni nzima na mistari mitatu ya namna hiyo, moyo ukinidunda!

Kujikunja husababishwa na unyevu unaopandapanda na kushuka. Kiweke penye unyevu wa karibu asilimia 50, mbali na jua, ndani ya kasha la kadibodi isiyo na asidi. Mafuta usipake kabisa.