CA-125 ya 180 kwa binti wa miaka 19

Dada, CA-125 (protini ya damu inayopimwa saratani ya ovari ikishukiwa) ya 180 kwa binti wa miaka 19 mwenye uvimbe kwenye ovari haithibitishi saratani. Kawaida ni chini ya 35, lakini hupanda hata kwa hedhi, ujauzito, endometriosisi (utando wa mji wa mimba kuota nje yake) na TB ya tumbo, ambayo huweza kuifikisha mamia na pia kujaza maji tumboni.

Kwa umri wake ombeni vipimo vya damu vya AFP (protini), beta-hCG (homoni ya ujauzito) na LDH (kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe), maana kinachoshukiwa zaidi ni uvimbe wa chembe za uzazi (zile zinazotoa mayai). LDH ikipanda yenyewe, fikirieni disjerminoma, aina mojawapo ya uvimbe huo. AFP ikiwa maelfu, fikirieni aina nyingine, uvimbe wa kifuko cha kiini (yolk sac). hCG ikiwa juu, kwanza hakikisheni hana mimba. LDH inadanganya: chembe nyekundu zikipasuka kwenye kichupa, hupanda bure, rudieni sampuli.

Damu itolewe KABLA ya upasuaji, la sivyo hamtakuwa na namba ya kulinganishia. Baadaye AFP hupungua nusu kila siku 5 hadi 7. Ikisuasua, huenda kuna mabaki. Na uvimbe usichomwe sindano kuchukua kipande cha kupima: ikiwa ni saratani na ukavuja, hatua ya ugonjwa inapanda.