Anti, sabuni zangu zinapendwa ila hazinunuliwi

SWALI: Anti shikamoo. Mimi nipo Mbagala, tangu mwaka jana natengeneza sabuni za mafuta ya nazi hapa hapa nyumbani, picha naweka Insta na stetasi ya WhatsApp. Watu wananisifia jamani, wanauliza bei, nikiwajibu inboksi kimyaa. Na waliochukua wengine wanasema inakaza ngozi. Kilo 2 za mafuta (20,000) zinanipa vipande 25, nauza 1,500, lakini zikiisha hata hela ya mafuta mengine inakuwa ya kuungaunga, baba watoto anasema niache tu. – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Baba watoto mwambie asubiri kwanza tupige hesabu. 25 mara 1,500 ni 37,500. Toa mafuta 20,000, kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) tuseme 2,500, karatasi na lebo 150 kila kipande hiyo 3,750, boda ya kufuata mafuta 3,000, bando 2,000. Umebaki na 6,250, na hapo hujalipa mikono yako iliyokoroga wala muda wa kufunga kipande kimoja kimoja usiku watoto wamelala, afu nikienda kwenye peji yako nina uhakika umeandika "delivari bure Dar nzima"!! Bure ya nani? Uza 2,500, usafiri juu ya mteja, unabaki na 31,250 mzigo uleule.

Najua utasema nikipandisha watakimbia. Mbona hata sasa hawanunui? Mimi mwenyewe nikikuta "bei njoo inboksi" napita, maana najua nikiingia huko naanza kuulizwa habari za nyumbani kabla sijatajiwa bei, au nitatajiwa bei ya kuniangalia usoni. Andika 2,500 kubwa juu ya picha, anayeiweza atakuja, asiyeiweza mmeokoleana muda.

Na badala ya "karibuni wapendwa" andika kitu ambacho sabuni yako inacho na nyingine haina. Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, na nyie wa pwani mnajua maji ya kisima yanavyotesa, mtu anasugua sabuni mpaka inakaribia kuisha povu hamna. Chota maji ya kisima, piga video ya povu sekunde 15, hiyo inauza kuliko maua uliyopanga pembeni.

Kuhusu kukaza ngozi, hapo wateja wanasema kweli. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inakula gramu kama 183 za kostiki mpaka mafuta yote yageuke sabuni, na nazi tupu ikigeuka yote inakamua mafuta ya ngozi. Wazoefu wanapunguza mpaka gramu 146 hivi kwa kilo, mafuta kidogo yabaki humo ndani. Pima kwa mizani, vijiko achana navyo. Halafu zikae kivulini wiki 4 ndo uuze, wewe nahisi unauza bado mbichi. Na nakukumbusha hata kama unajua: kostiki ndo inamiminwa kwenye maji, ukigeuza itakurukia, sufuria ya aluminiamu usitumie kabisa, na watoto wawe nje.

Alama ya TBS (shirika la viwango) usijibandikie mwenyewe kama wengine. Nenda ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako wakuandikie barua ya utambulisho, ndo uende nayo TBS.

SWALI: Anti, nashona mikoba ya kitenge, nipo Morogoro. Mteja wa Mwanza alinitumia skrinshoti ya muamala wa 85,000 nikapakia mikoba kwenye basi, hela mpaka leo haijaingia na namba haipatikani. Nitaipata? – Fundi

JIBU: Pole mwanangu, karipoti polisi na kwa mtandao wa simu wa hiyo namba, ila mikoba ihesabu imeenda. Kuanzia leo skrinshoti usiifungue hata, na meseji ya muamala nayo inatengenezwa, kwaiyo angalia salio lako mwenyewe, likipanda ndo uende stendi. Mteja akianza kukuharakisha "basi linaondoka dada fanya haraka", mwambie la kesho lipo.